Kesi ya talaka haijaisha, unakimbilia Mahakama Kuu?

Mimi nilikimbilia. Hakimu wa mahakama ya wilaya alitoa amri ya muda kwamba watoto wakae kwa baba yao mpaka kesi iishe, nami usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nikamwambia wakili twende juu, iwe rufaa, iwe marejeo, yaani kuiomba Mahakama Kuu iite jalada na kukagua uamuzi wa hakimu. Shangazi akanisihi, "Mwanangu, tulia kwanza." Sikutulia.

Tukapeleka maombi ya marejeo. Jalada likaitwa Mahakama Kuu, na huku chini kila tarehe karani akawa na jibu moja: jalada halijarudi, njooni mwezi ujao. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mume wangu hakugusa habari za watoto hata kidogo. Aliweka pingamizi la awali: tangu Sheria Na. 25 ya 2002, iliyorekebisha sheria kadhaa za Tanzania, uamuzi mdogo usiomaliza shauri haukatiwi rufaa wala hauombewi marejeo. Maombi yakatupwa. Miezi saba ilikwenda hivyo, na aliyeichelewesha kesi ni mimi.

Kwa hiyo muulize wakili wako mapema: amri hii imemaliza shauri? Kukataliwa risiti za mabati ya nyumba mliyojenga wote zisiwe ushahidi, au kunyimwa ahirisho, hakumalizi kitu. Hakikisha tu malalamiko yako yameandikwa kwenye mwenendo wa kesi, utayabeba kwenye rufaa baada ya hukumu. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakupa siku 45, na rufaa ya kwenda Mahakama Kuu unaifungua kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu. Wengi hukosea hapo.

Hakimu akiliondoa shauri zima, hapo kweli unaweza kupanda. Ila kama kilichokosekana ni hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa tu, ile ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, ni afadhali urudi Baraza kuliko kukata rufaa.

Na amri za watoto? Sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kuzibadili hali ikibadilika. Mwanangu wa pili alipohamishwa shule bila mimi kuambiwa, nilichukua barua ya mwalimu mkuu, nikaapa hati ya kiapo, nikarudi kwa hakimu yuleyule niliyemkimbia. Alinisikiliza nusu saa. Hakunirudishia watoto, alinipa Ijumaa jioni hadi Jumapili, na likizo zote. Ijumaa ya kwanza walifika wakiwa bado na sare za shule.