Biri inayokataa kupitisha moshi: tafuta kizuizi kabla ya kuichokonoa

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: biri zako zilizosokotwa kwa mkono ni nzito kuvuta kiasi kwamba mashavu yanachoka kabla moshi haujajaa mdomoni, zinazimika kila mara, na hata ulipozichoma kwa sindano ya kushonea hali haikubadilika. Nimeshughulika na biri nyingi zilizoziba, za bei ya juu kwa za bei ya chini, na ninalokuomba ni kwamba usichokonoe chochote kabla hujajua kizuizi kiko wapi na kimetokana na nini.

Anza na unyevu, kwa sababu ndio chanzo cha kawaida na ndio unaotibika bila kuiumiza biri. Majani ya tumbaku hunyonya maji kutoka hewani na kuvimba, na kwa kuwa yamekwisha kufungwa ndani ya jani la nje, hayana pa kupanukia isipokuwa kwenye vile vinjia ambamo moshi ulipaswa kupita. Wengi huhifadhi biri kwenye unyevu wa asilimia 70 kwa sababu ndiyo namba iliyozoeleka, lakini mimi naona nyingi huvutika vizuri zaidi kwenye asilimia 62 hadi 65, hasa zile nyembamba. Bonyeza biri taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka kichwani hadi upande wa kuwasha. Ikibonyea kirahisi kila mahali na bado haipitishi hewa, hiyo imelowa. Ivue karatasi yake ya plastiki, iache siku moja au mbili kwenye kisanduku cha mbao kisicho na chanzo chochote cha unyevu, kisha ijaribu tena. Usiianike juani wala kuiweka mbele ya feni, maana jani la nje hukauka kwanza, likasinyaa na kupasuka wakati majani ya ndani bado yamevimba. Ikiwa kisanduku kizima kina tabia hiyo, punguza unyevu wa hifadhi yako na usubiri wiki kadhaa, kwa sababu kiini cha biri nene hupoteza maji polepole sana.

Yote hayo yanategemea kipima unyevu kinachosema kweli, na vingi vinavyouzwa pamoja na visanduku havisemi kweli. Chukua kizibo cha chupa, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji machache hadi iwe rojo zito lisiloelea maji, kisha kifungie pamoja na kipima chako ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa muda wa siku nzima. Hewa iliyomo humo itatulia kwenye asilimia 75. Kipima chako kikionyesha 70, ujue kwamba kinapunguza pointi tano, na kwamba biri ulizodhani zimekaa kwenye 70 zilikuwa zikiogelea.

Ukijiridhisha kwamba unyevu si tatizo, angalia ulivyokata. Wanaotumia kitoboleo hupata tundu dogo katikati ya kichwa, nalo halitoshi kwa biri iliyobana. Kata moja kwa moja kwa kikata chenye makali, ukiondoa milimita mbili hivi, bila kuvuka pale kinapoishia kikofia, yaani kipande cha jani kinachofunika kichwa, kwa sababu ukivuka hapo jani la nje litafumuka. Kisha vuta hewa tupu kabla ya kuwasha. Hatua hii ndogo watu huiruka, ilhali biri ambayo haijawashwa hurekebishika kirahisi kuliko inayowaka.

Ikiwa bado imeziba, izungushe polepole kati ya vidole ukisogea sentimita kwa sentimita. Biri iliyosokotwa vibaya huwa na mahali pamoja pagumu, kama fundo, na sehemu nyingine hubonyea kawaida. Hilo hutokana na mkono wa msokotaji: akikunja kila jani la ndani peke yake, kila moja hubaki na njia yake ya hewa, akiyakunja yote pamoja kwa haraka, au akiyapindapinda, njia hizo hufa. Wakati mwingine ni kipande cha uti wa jani kilichosahaulika. Unene nao una sehemu yake. Biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, na ile ya 38, yenye kipenyo cha milimita 15 hivi, haina nafasi ya kusamehe kosa dogo ambalo ile ya 50, yenye karibu milimita 20, ingelimeza. Fundo dogo hulegea kwa kukandwa taratibu, mradi jani la nje si kavu.

Fundo lisilolegea ndilo linalohitaji chuma, lakini si sindano yako. Sindano laini husukuma tumbaku pembeni bila kuondoa chochote, na ukiichomoa majani hurudi yalipokuwa. Tafuta chombo chembamba kilichotengenezwa kwa kazi hii, chenye vimeno vinavyoelekea nyuma. Kiingize katikati ya kichwa huku ukikizungusha, vidole vya mkono wa pili vikiwa juu ya jani la nje ili uhisi ncha ikianza kukaribia ukingo. Ukifika kwenye fundo, zungusha nusu mzunguko na uvute. Vimeno vitatoka na nyuzi za tumbaku, na pengine kile kipande cha uti. Jaribu hewa kila unapochomoa, na uache mara tu inapopita vya kutosha, kwa maana ukitoboa handaki kutoka kichwani hadi mwisho, moto utakimbilia katikati na moshi utakuwa wa moto na mkali. Fundo likiwa karibu na upande wa kuwasha, ingilia huko.

Biri iliyoanza vizuri ikabana katikati ya safari ni jambo jingine: mara nyingi lami imejikusanya kichwani, na kukata milimita moja zaidi hutosha. Kuvuta kwa nguvu hakusaidii kamwe, kwa sababu huongeza joto na uchungu bila kuongeza moshi.

Viwanda vya Kuba vyenyewe, baada ya malalamiko mengi ya biri zilizoziba mwishoni mwa miaka ya 1990, vilianza kutumia mashine za kupima jinsi biri inavyovutika kabla jani la nje halijafungwa. Ya kwako ikiwa ngumu mwili mzima hata baada ya kukauka vizuri, imejazwa tumbaku kupita kiasi, na mimi huitupa. Zilizobaki kisandukuni zishushe hadi asilimia 65, zikae miezi miwili, kisha uvute hewa tupu katika kila moja kabla hujawasha kiberiti.