Mtoto anakosea kujumlisha desimali

Pole dada, hapo dogo hajakosea kujumlisha, kakosea kupanga. Umesema 12.5 na 3.75 anapata 5.00, yani kazipanga kuanzia kulia kama namba nzima, 125 na 375 zikampa 500 akachomeka nukta. Nukta ikae chini ya nukta, penye pengo aweke sifuri, 12.5 iwe 12.50, jibu 16.25. Mnunulie daftari la viboksi, nukta zote zishuke mstari mmoja, linasaidia sana aisee.

Kutoa ndo kunawasumbua zaidi. Mi nauza zabibu hapa Majengo Dodoma, kreti ina kilo 20 nimeuza 7.35 imebaki ngapi, wengi watakwambia 13.35 kwa sababu wametoa 7 kwenye 20 halafu ile .35 wameishusha tu. Aandike 20.00 ndo aanze kukopa, anapata 12.65, kisha ajumlishe na 7.35, isiporudi 20 arudie.

Na akadirie kabla hajaanza, 12 na 3 tu ni 15, so ile 5 ingemshtua palepale. Kikokotoo usimpe kwanza.