Wasomaji Wauliza: Vyakula Adimu na Viungo vya Kutafuta Mjini Unguja

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja: watu wa mjini wamechoka kula kile kile, na wanataka kujua wapi pa kupata sahani wasizozizoea na viungo visivyokaa katika kila duka. Tumechagua barua tano. Nyingine zilizouliza bei hatukuzijibu, kwa kuwa bei ya leo sokoni Darajani si ya kesho.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Kikwajuni. Kila tukitoka na mume wangu kula nje tunaishia kwenye kuku na chipsi au piza, maana orodha za vyakula karibu zote zinafanana. Tungependa kula vitu vigeni bila ya kutoka mjini na bila ya kumaliza mshahara. Tuanzie wapi? – Bi M.S., Kikwajuni*

Wa alaykum salaam, Bi M.S. Orodha zinafanana kwa sababu nyingi kati yake zimeandikwa kwa ajili ya mgeni wa siku chache, ambaye mpishi anaogopa kumpa kitu atakachokirejesha jikoni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kuanza na orodha na kuanza na mpishi. Mjini petu chakula kizuri zaidi hupikwa na mtu anayepika kitu kimoja tu, kwa saa zake maalumu, na akimaliza sufuria anafunga. Muulizeni jirani mwenye umri mkubwa ni nani katika mtaa wenu anayepika bokoboko kwa kuagizwa, ile ya ngano na nyama iliyokaa motoni muda mrefu na kupondwa hata isijulikane nyama imeanzia wapi, halafu ikamwagiwa samli. Wengi wetu tunaila harusini na siku ya Idi tu, lakini mpishi wake yupo mwaka mzima na hufurahi kupata kazi.

Mkitaka kukaa mkahawani, nendeni pahali ambapo vyakula vimewekwa mbele ya macho na mteja anaonesha anachokitaka, kama ilivyo Lukmaan pale Mkunazini. Faida ya pahali pa namna hiyo ni kwamba mnaweza kuchukua kidogo kidogo cha vitu vingi, mkala wawili sahani nne. Jiwekeeni sharti la kutochukua kitu chochote ambacho mnakipika nyumbani. Mtashangaa jinsi sharti hilo linavyoupeleka mkono kwenye ngisi, kwenye shelisheli la kupaka na kwenye mchuzi wa papa mkavu ambao vijana wa siku hizi wanaukimbia kwa harufu yake.

Jambo la pili ambalo mikahawa haiandiki popote ni kalenda ya bahari. Pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, yaani unapoandama mwezi na unapokuwa mpevu, kwa kuwa maji hukupwa mbali na miamba huachwa wazi kwa wanaochokoa. Baadhi ya vijiji, Unguja na Pemba, hufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua huvuliwa wakubwa kwelikweli. Dagaa wana kalenda yao: wavuvi wake hutumia taa, kwa hiyo hustawi siku za giza na huadimika mbaamwezi. Na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, samaki wa maji makuu huwa haba na mkahawa unaokuuzia jodari kila siku bila ya kukosa unamtoa barafuni. Hilo si kosa, ila ni vyema ulijue kabla ya kulipia bei ya samaki wa asubuhi ile. Anayetaka hakika aende diko la Malindi alfajiri, aone kilichoshuka, kisha achague mkahawa wa mchana kwa mujibu wa alichokiona.

Kuhusu Forodhani nitasema kwa ufupi kwamba ni pahali pa kwenda na wageni. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni nzuri, na ile piza ya Zanzibar inayokunjwa na yai ndani si mbaya kwa mwenye njaa. Lakini mishikaki ya samaki iliyopangwa ile milima huwa imeshapikwa mara moja na hurejeshwa motoni mbele yako. Urojo uleni mitaani, kwa muuzaji ambaye uchachu wake unatokana na embe bichi au ukwaju, bakuli lijae bajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo, na chatne ya nazi iwe ya siku ile.

Kwa vyakula vya nchi nyingine, Mji Mkongwe haukosi mikahawa ya Kihindi, ya Kitaliano na hata ya Kihabeshi. Huko nako kuna njia: ingieni saa ambayo si ya pirika, muulizeni mhudumu kwa upole wapishi wenyewe wanakula nini mchana, na muombe hicho hicho. Mara nyingine mtaambiwa hakiuzwi. Mara nyingine mtaletewa sahani ambayo haimo katika orodha na ambayo ndiyo iliyowafanya mtoke nyumbani.

*Ndugu Mhariri, napenda kupika biriani kwa zafarani ya kweli, na hivi karibuni nimeanza kutafuta basibasi, vanila ya kijiti na mdalasini mzuri. Nimenunua zafarani sokoni kwa bei nafuu sana, nikaambiwa ni ya hapa hapa Zanzibar. Rangi ilitoka, harufu hapana. Nitajuaje kizuri na kibaya? – H.A., Fuoni*

Bwana H.A., uliyeuziwa si zafarani. Ua la zafarani linataka baridi, na hapa petu halistawi, kwa hiyo yeyote anayekuambia ameivuna katika mashamba ya viungo ya Kizimbani anakuuzia hadithi. Zafarani nyingi duniani hutoka Iran. Kila ua lina nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono, na gramu moja inahitaji maua kiasi cha 150. Hapo utaona kwa nini haiwezi kuuzwa kwa kiganja. Hicho unachopewa kwa kawaida ni petali za mmea mwingine wenye rangi ya machungwa, ambazo hazina madhara wala hazina faida. Tia nyuzi chache katika maji baridi kisha usubiri: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu hata baada ya robo saa; ya uongo humwaga rangi mara moja na uzi wake hupauka. Mwenye duka anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu. Zafarani ya kweli huuzwa kwa gramu, katika vijikasha vidogo, na maduka ya watu wanaopika biriani za harusi ndiyo yenye sababu ya kuweka iliyo nzuri, kwa kuwa mteja wao hadanganyiki mara mbili.

Basibasi ni rahisi zaidi, na sijui kwa nini imesahauliwa mijini. Ni ule utando unaoizunguka kokwa ya kungumanga, mwekundu kama damu tunda linapopasuliwa, na unaogeuka rangi ya machungwa ukikauka. Kungumanga ni ile kokwa ya ndani. Vyote viwili ni vya tunda moja, ila basibasi ina harufu laini zaidi, na vipande viwili vinatosha birika la chai ya maziwa. Inunue ikiwa nzima. Kanuni hiyo ya kununua kizima ishike kwa kila kiungo, kwani uzile uliosagwa, pilipili manga iliyosagwa na manjano yaliyosagwa ndiyo mafichio ya kila aina ya unga. Kinu na mchi havijawahi kumdanganya mtu.

Mdalasini upo wa namna mbili sokoni. Gome jembamba, lililojikunja tabaka nyingi ndani kwa ndani na linalovunjika kwa vidole, ndio mdalasini hasa, na ndio unaopandwa katika mashamba ya viungo hapa. Lile gome nene, gumu, lenye mkunjo mmoja na uwazi katikati, ni la mti wa jamaa yake unaotoka Asia. Lina ladha kali na linafaa kwa pilau, lakini kwa vitu vitamu na chai ya kila siku mimi nachagua lile la kwanza, na tena kuna sababu ya afya, kwani lile nene lina kemikali ambayo ikizidi hulidhuru ini.

Vanila ni ghali kwa haki. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na huku ambako hakuna mdudu wake wa asili, mkulima lazima alichavushe kwa mkono, ua kwa ua. Kijiti hukaa mtini miezi kama tisa, kisha hukaushwa na kufunikwa kwa miezi mingine kabla ya kutoa harufu. Kijiti kizuri ni cheusi, kina mafuta, na unaweza kukizungusha kidoleni bila ya kukatika. Kikiwa kikavu kama ukuti, usikinunue, hata muuzaji akuapie. Kwa hiki nakushauri uende shamba lenyewe, Kizimbani au Kidichi, kwa sababu kijiti cha sokoni kimeshakaa juani mbele ya watalii kwa siku nyingi. Ama vile vichupa vya maji ya vanila dukani, vingi vyake havijawahi kuonana na mmea huo.

Karafuu hukuuliza, lakini nitakuongezea. Ikibonyezwa kwa ukucha itoe mafuta, na ikitiwa katika gilasi ya maji izame au isimame wima. Inayolala juu ya maji imekwisha kukamuliwa au ni kuukuu. Za jikoni zinatosha kiganja. Za magunia ni kazi ya ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na mtu asijaribu ujanja hapo.

*Nimejifunza kwa jirani yangu wa Kihindi kupika dengu, na ameniambia siri yake ni mvuje. Mama yangu amekataa kata kata usiingie jikoni. Je, ni kitu kimoja na ule tunaowafungia watoto? – Binti wa Malindi*

Ni huo huo, binti yangu. Ni utomvu mkavu wa mmea unaoota Iran na Afghanistan, na huko India wasiotumia vitunguu wanaupenda kwa sababu ukikaangwa kidogo katika mafuta ya moto hupoteza ule uvundo na kuacha ladha inayokaribia kitunguu thomu. Mama yako anaujua kama kinga ya mtoto dhidi ya husuda, na kwa harufu yake mbichi simlaumu. Wa kupikia ununue katika duka la vyakula vya Kihindi, umekwisha kusagwa na kuchanganywa na unga, badala ya kwa muuza dawa. Kiasi ni ncha ya kijiko kwa sufuria nzima. Pika siku mama hayupo, umuite kula tu.

*Sisi ni vijana wa Wete tunaosoma mjini. Mwenzetu ametazama video za Wajapani wakila bunju, anadai kwamba tukimsafisha vizuri tunaweza kumla hata hapa. Mwengine anasema kama ni ushujaa basi kasa ni bora. Tunaomba uamuzi. – Baraza la vijana, Mombasa kwa Mchina*

Uamuzi ni kwamba msile, si huyu wala yule. Sumu ya bunju imo zaidi katika ini, mayai na ngozi yake, na haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Humlegeza mtu viungo mpaka pumzi, akili yake ikiwa timamu, na haina dawa ya kuibatilisha. Huko Japani mpishi haruhusiwi kumgusa samaki huyo mpaka asome, afanye mtihani na apewe leseni. Video haiwaoneshi masomo hayo.

Habari ya kasa nyinyi watu wa Pemba ndio mlipaswa kunieleza mimi. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake, na wengine 78 walipelekwa hospitali. Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuzika watu 7 kwa sababu ile ile. Si kila kasa ana sumu, na hapo ndipo penye mtego: babu yenu alikula akasalimika, na hakuna jicho, pua wala mpishi anayeweza kumtambua mwenye sumu. Kupika hakusaidii. Tena mnyama huyo analindwa na sheria. Mkitaka kujaribiwa roho zenu, subirini msimu wa doriani, mnunue moja, mulipasue ndani ya chumba chenu cha kupanga.

*Nimekula mkahawani saladi ya mwani nikaipenda. Nikinunua mwani kwa wakulima naweza kuipika nyumbani? – K.O., Jang'ombe*

Unaweza. Mwani umelimwa hapa kwa biashara tangu 1989, ukianzia Paje na Jambiani, na sehemu kubwa ya wakulima ni wanawake, lakini karibu wote ulikwenda nje kutengenezea vitu vya viwandani, ndiyo maana hatukujifunza kuula. Waombe wakulima mwani uliokaushwa juu ya chanja au turubai safi, si uliotandazwa mchangani, kwa sababu mchanga ukishaingia hautoki. Uroweke katika maji baridi usiku kucha na uyabadilishe mara kadhaa mpaka chumvi iishe. Kwa saladi, uchovye katika maji ya moto kwa dakika moja tu, kisha utie ndimu, kitunguu, pilipili mbichi na embe bichi lililokunwa. Ukiusahau motoni utayeyuka ukawa uji mzito. Hapo usiumwage, uchanganye na juisi ya bungo na sukari, umimine katika bakuli, na ukipoa utaganda wenyewe.