Nimesoma na nimeelewa, lakini chumba cha mtihani kinanisahaulisha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 18, nasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), katika shule ya bweni wilayani Moshi. Baada ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea jioni, hunywa kahawa saa nne usiku na kuendelea kusoma hadi saa nane, na saa kumi na moja alfajiri kengele hutuamsha. Nikipitia madaftari naona nimeiva, lakini katika mtihani wa majaribio wa Biolojia moyo ulinienda mbio, mikono ikatoka jasho na sikukumbuka hata hatua za mzunguko wa Krebs, ambao seli hutumia kupata nishati. Nilipotoka nje, majibu yakarudi. Kwa nini hutokea hivyo? Na mwenzangu anayenishauri ninunue diazepamu ili nitulie, nimsikilize?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na diazepamu, kwa kuwa hilo halingoji: usiinunue. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, huleta usingizi na utegemezi, na zaidi ya hayo huzuia ubongo kuhifadhi mambo mapya, yaani ungetulia huku ukipoteza kile kile unachokikeshea.

Sasa kuhusu kusahau. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo, na dakika kadhaa baadaye kortisoli nayo huongezeka katika damu. Adrenalini ndiyo iliyoukimbiza moyo wako. Kortisoli hufika hadi hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, na ikizidi huzuia kwa muda kutolewa kwa habari zilizokwisha kuhifadhiwa. Wakati huo huo wasiwasi wenyewe hukalia nafasi finyu ya akili ambayo ungeitumia kupanga hoja na kukokotoa. Ulipotoka nje wasiwasi ulishuka, nafasi ikapatikana, na majibu ambayo hayakuwa yamefutika yakajitokeza.

Hata hivyo, siamini kwamba tatizo lako kubwa ni hofu. Naona ni namna unavyosoma. Kupitia daftari tena na tena huyazoesha macho maandishi, nawe huchukulia mazoea hayo kuwa umeiva, ilhali mtihani haukuulizi kama unayatambua maelezo bali kama unaweza kuyatoa kichwani bila daftari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwagawa watu katika makundi mawili: moja lilijifunza kwa kurudia kusoma, jingine kwa kujipima bila kuangalia. Kesho yake baadhi yao walitiwa katika msongo kwa kutakiwa kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu. Waliorudia kusoma wakakumbuka machache zaidi walipokuwa katika msongo. Kwa waliojipima, msongo haukupunguza kumbukumbu zao. Kwako wewe, hilo ndilo jambo la kushika.

Kwa hiyo funga daftari, chukua karatasi tupu, uchore mzunguko wa Krebs wote kwa kalamu, kisha ufungue usahihishe kwa rangi nyingine. Rudia baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Jumamosi, wewe na wenzako kaeni darasani saa mbili asubuhi na mtihani wa miaka iliyopita, saa ikiwa ukutani na simu zikiwa mbali, mfanye hadi muda uishe. Mwili nao hujifunza kwamba hali ile haiui.

Kahawa ni jasho la wazee wetu wa Kibosho na Machame, nami siipigi vita, lakini inywe asubuhi. Mwili huchukua wastani wa saa tano kuondoa nusu ya kafeini, hivyo unapolala saa nane usiku zaidi ya nusu ya ile ya saa nne bado imo, na usingizi wa saa 3 unaobaki unakuwa wa juu juu. Ubongo hutumia usingizi kuimarisha ulichosoma mchana. Ratiba ya bweni haitakupa saa 8 za usingizi, hilo ninalijua. Ila prepo ikiisha, kalale.

Ndani ya chumba, hofu ikipanda, weka kalamu chini, vuta pumzi polepole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Kutoa pumzi taratibu huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Anza na swali unalolimudu, hata kama ni la sita.

Iwapo mapigo haya yanakujia hata usipokuwa na mtihani, au kwa zaidi ya wiki mbili huna hamu ya kula wala ya kuwa na wenzako, mweleze mwalimu wa ushauri nasaha akupeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC. Na ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie matroni au patroni usiku huo huo.