Kiziwi aigizwe na nani?

Swali: Shikamoo Bibi Sinema. Mimi ni kiziwi, nina miaka 24, naishi Temeke. Nilienda usaili wa tamthilia, nafasi ya dada kiziwi. Wakampa msichana anayesikia, eti mimi nitachelewesha kazi. Ninyamaze?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usinyamaze. Waigizaji wa namna hiyo nimewaona: wanapeperusha vidole kama wanafukuza nzi, na sisi tunaosikia tunapiga makofi!

Filamu ya CODA kule Marekani ilipokuwa ikiandaliwa, wenye fedha walitaka baba kiziwi aigizwe na anayesikia. Marlee Matlin, mwigizaji kiziwi aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 1987 na aliyekuwa kwenye filamu hiyo, akawaambia: basi mimi natoka. Wakanywea. Mwaka 2022 ikawa filamu bora, na Troy Kotsur, kiziwi aliyeigiza baba huyo, akabeba Oscar yake.

Lakini Matlin alikuwa na jina, wewe bado, kwa hiyo kususa hakutakusaidia. Jirekodi kwa simu dakika mbili ukiigiza kwa lugha ya alama, weka maandishi chini, umtumie mwongozaji. Mtajie na malipo ya mkalimani kwa siku, aone huko kuchelewa kunaondolewa kwa kiasi gani. Wakikuita umfundishe yule msichana ishara, dai ujira. Soda si malipo.