Haidrenjia kwenye kivuli: jamani wekeni mkasi chini

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja, bustani yake yote iko kivulini, kaambiwa haidrenjia hazitachanua hapo ng'o, sasa anauliza ang'oe apande kitu kingine au avumilie. Using'oe! Mimi maneno hayo hayo niliambiwa, tena na watu ambao siku hizi wakija kwangu cha kwanza ni kutoa simu wapige picha maua, nami nawaacha wapige, simsemeshi mtu, ila moyoni nasema mmeona sasa.

Kwangu kuna ukuta mrefu upande mmoja na miti mikubwa upande wa pili. Nyasi zilikataa, waridi zikarefuka na kukondeana bila hata ua la maana, ndio nikaingia kwenye haidrenjia. Na niwaambie ukweli, hili ni ua la kivuli, ila kivuli kina aina zake na hapo ndipo wengi mnachanganya. Kivuli cha giza tupu kutwa nzima kitakupa majani mazuri ya kijani na maua ya kuhesabu. Kivuli cha mti ambao mwanga unachuja kupitia majani, hicho kinafaa sana, na bora kuliko vyote ni sehemu inayopata jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano halafu mchana inafunikwa, maana jua la saa saba linababua majani na maua yanafifia kabla hujayafaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo shinda nyumbani siku moja uangalie jua linatembeaje. Mimi nilikata matawi ya chini ya mti mmoja tu, mwanga ukashuka, tofauti ilionekana msimu uliofuata.

Mti nao ni mwizi wa maji. Mizizi yake inakunywa kwanza, haidrenjia inapata makombo, kwa hiyo usipande shina kwa shina, sogea pembeni, weka mboji ya kutosha na juu utandaze matandazo ya majani makavu au magome, sentimita 5 mpaka 8, yasigusane na shina. Halafu mchana ukiona majani yamelegea usikimbilie ndoo! Chomeka kidole kwenye udongo, kama una unyevu achana nayo, jioni yatasimama yenyewe. Yakiwa bado yamelegea asubuhi, hiyo sasa ni kiu. Wengi wanaozesha mizizi kwa huruma.

Sasa niseme lililoniumiza. Zile zenye vichwa vikubwa vya mviringo, macrophylla, matumba ya maua yanajitengeneza kwenye matawi yaliyokua msimu huu, miezi michache baada ya maua kunyauka, yanakaa pale yamejificha kusubiri msimu ujao. Ukiangalia kwa mbali unaona vijiti tu. Basi mimi nimesafiri, shemeji yangu mmoja kaja nyumbani, kaona vijiti, kaamua kunisaidia bila kuulizwa, akakata vyote usawa wa goti, vimelingana kama vimepigwa rula, na picha akanitumia kabisa anasubiri asante. Msimu uliofuata majani yakajaa, maua hakuna. Na wale wale wa picha wakarudi na wimbo wao, si tulikuambia kivuli. Kivuli kilisingiziwa mwaka mzima ndugu zangu! Sikukata kitu, sikuweka dawa, niliziacha tu, na matawi yalipopata msimu wao mzima zilichanua mpaka zikainama kwa uzito. Mpaka leo hilo neno kivuli likitajwa napanda mori kidogo.

Kwa hiyo kwa macrophylla mkasi ni wa kuondoa ua lililokauka na tawi lililokufa, basi. Ukisikia hamu ya kukata nenda kafyeke nyasi. Kama huwezi kujizuia panda aina nyingine ya haidrenjia, arborescens, kama ile Annabelle nyeupe, hiyo inachanulia matawi mapya, unaikata baridi inapoisha na bado inatoa, na kivuli inakivumilia. Paniculata nayo ni ya matawi mapya ila inataka jua zaidi, kwa bustani yenye giza sikushauri. Na ukuta wenye kivuli una yake ya kutambaa, petiolaris, ambayo mwanzoni inakaa muda mrefu haifanyi lolote, uwe na moyo.

Tatizo letu tunataka leo tupande kesho tupost. Unabadilisha mahali, unamwaga mbolea, na ile yenye naitrojeni nyingi ndio inakupa majani tu, halafu unasema mkono wako haupandi kitu. Mkono hauna shida, haraka ndio shida. Na kama unaishi sehemu ya joto mwaka mzima ujue macrophylla inataka wiki kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi 18 hivi, ndio itengeneze matumba, kwa hiyo hapo napo usikisingizie kivuli.

Rangi najua mtauliza tu. Udongo wenye pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) 5.5 kushuka chini unatoa bluu, 6.5 kupanda unatoa pinki, katikati unapata zambarau au mchanganyiko. Kinacholeta bluu ni alumini, ambayo mmea unaipata udongo ukiwa na asidi, ndio maana wanaotaka bluu wanaweka salfeti ya alumini kidogo kidogo na kupunguza mbolea ya fosforasi, wanaotaka pinki wanaweka chokaa. Misumari yenye kutu mnayofukia ni kazi bure, ule ni chuma. Na nyeupe haigeuki kuwa bluu hata ufanyeje. Mimi zangu zilitoka bluu zenyewe, sina la kujisifu hapo.

Wenye mbwa na mifugo wekeni uzio, mmea huu una sumu ukiliwa.

Kuongeza miche ni rahisi kuliko yote, chukua tawi lisilo na ua, sentimita 10 mpaka 15, toa majani ya chini, ya juu yakate nusu, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, baada ya wiki tatu nne linaanza kushika mizizi. Shemeji naye ameomba vya kwake. Nimempa, ila nilikata mwenyewe.