"Flexible" au "adaptable": uandike lipi kwenye CV?

Vijana wa hapa Tabata huniletea CV zao nizipitie kabla hawajazituma, na karibu kila moja ina mstari uleule: "I am flexible and adaptable." Yamepangwa pamoja kama mapacha. Mwajiri akifika hapo anaruka tu, maana hujamwambia kitu.

Flexible asili yake ni Kilatini, kupinda. Na kinachopinda hurudi kilivyokuwa. Dereva wa daladala akikuta foleni Ubungo anachepuka njia za panya; kesho foleni ikipungua, huyo barabarani kama kawaida. Ukilitamka kwenye usaili, mwajiri anaelewa kuwa uko tayari kuingia usiku, kufanya kazi Jumamosi na kubadilishiwa zamu ghafla. Kama una mtoto mchanga au unasoma jioni, pima kwanza. Usije ukaitwa Jumapili alfajiri ukaanza kununa.

Adaptable ni habari nyingine: hali imebadilika moja kwa moja, na wewe umebadilika nayo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia yao ya Barabara ya Morogoro. Kondakta mmoja ninayemfahamu hakukaa kusubiri zirudi. Alijifunza pikipiki, akakata leseni, na mpaka leo anakula kwa bodaboda. (Kwenye CV yake, kama angekuwa nayo, neno hilo lingemkaa sawasawa.)

Ila ukiniuliza mimi, sifa tupu haisaidii. Dada mmoja anayeuza kwenye duka la vipodozi Kariakoo alikuwa ameyaandika yote mawili. Nikamuuliza, dukani mlipoanza kutumia mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, nani alijifunza kwanza? "Mimi, bosi mwenyewe nilimfundisha." Tukafuta sifa zote, tukaandika hilo.

Kisarufi, ni adaptable to, kwa mfano "adaptable to new systems". Flexible huenda na about: "flexible about working hours". Saa za kazi zinaweza kuwa flexible, ila hakuna anayesema saa ni adaptable. Na ukiona tangazo limeandika "flexible hours", hapo wanazungumzia muda wa kazi, si tabia yako. Usikimbilie kujisifu, uliza zamu zinapangwaje, na mpangaji ni nani.